Maswali ya Baiskeli Katika Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza: Mwongozo Kamili wa Kuboresha Majibu Yako

Swali la baiskeli linaonekana jepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Mtahini anauliza, “Did you have a bike when you were a child?” Mtahiniwa anajibu, “Yes, I had,” kisha ananyamaza kana kwamba anajaza fomu. Mwingine anafanya kinyume: anamwaga aya aliyoikariri kuhusu faida za baiskeli kwa afya na mazingira, ilhali aliulizwa kuhusu utoto wake. Wa kwanza hakumpa mtahini cha kupima. Wa pili amempa maneno yasiyo yake, na watahini wamefunzwa kuyatambua.

Dawa ya wote wawili ni moja: chukua jambo dogo la kweli linalohusu baiskeli, ulifungue mpaka msikilizaji alione. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ila njia yenyewe inafaa mtihani wowote wa kuzungumza.

Jua kwanza unapimwa nini

Sehemu ya kuzungumza ya IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, nayo hurekodiwa. Sehemu ya kwanza, dakika 4 hadi 5, ni maswali mafupi kukuhusu wewe, na hapo ndipo baiskeli hujitokeza zaidi. Sehemu ya pili ni kadi yenye mada: unapewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu, dakika 4 hadi 5, ni mjadala wa mambo mapana yanayohusiana na ile kadi.

Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Maarifa ya baiskeli hayamo. Ukijua kwamba Karl von Drais alionyesha chombo cha magurudumu mawili mwaka 1817, au kwamba tairi la upepo la John Boyd Dunlop ni la mwaka 1888, hutaongezewa alama kwa kuyataja hayo. Wala hutapunguziwa kwa kusema hujawahi kugusa baiskeli maishani mwako. Kinachopimwa ni Kiingereza unachokitumia kulisema hilo.

Hatua ya 1: Jirekodi kabla ya kusoma jibu la mtu yeyote

Washa kinasa sauti cha simu. Jiulize maswali haya kwa sauti na ujibu papo hapo, bila kuandika:

“Did you have a bike when you were a child?”
“How did you learn to ride?”
“Do you ride a bike now?”
“Are bicycles popular where you live?”
“Do you think cycling is suitable for people of all ages?”

Kisha keti uandike neno kwa neno ulichosema. Andika na kila “eeh”, kila “yaani” lililopenya, na kila sentensi iliyokatika njiani. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka, lakini hakuna hatua nyingine inayoonyesha makosa yako waziwazi hivyo. Unapozungumza, sikio lako husikia ulichokusudia kusema. Kwenye karatasi utaona kilichotoka mdomoni.

Chukulia kwamba umeandika hivi: “Yes, I had. I had bicycle. I was driving it every day. It was very good.” Tutalitengeneza jibu hili mpaka likae sawa.

Hatua ya 2: Tafuta jambo la kusema kabla ya kupamba maneno

Kosa la kawaida ni kukimbilia msamiati mgumu. Mtu anaona jibu lake ni dhaifu, anaondoa “bike” na kuweka “two-wheeled vehicle”, anaondoa “good” na kuweka “beneficial”. Jibu linabaki tupu, ila sasa linachekesha kidogo. Udhaifu haukuwa kwenye maneno. Hapakuwa na habari.

Jiulize kwa Kiswahili kabisa: baiskeli ilikuwa ya nani? Ilikuwaje? Uliitumiaje? Iliishia wapi? Kumbukumbu huja upesi zaidi kwa lugha uliyoishi nayo. Tuseme jibu lako ni kwamba ilikuwa baiskeli ya zamani ya kaka yako, kubwa kupita kimo chako, ukawa unaiendesha umesimama kwa sababu ukikaa kitini miguu haifiki kwenye pedali. Hapo umepata jambo. Msikilizaji tayari anamwona mtoto juu ya baiskeli inayomzidi.

Sasa lipeleke kwenye Kiingereza rahisi:

“Yes, I did, although it wasn't really mine. It was my brother's old bike, and it was far too big for me. My feet couldn't reach the pedals from the saddle, so I used to ride it standing up.”

Hayo ni maneno 39, na kwa mwendo wa kawaida huchukua kama sekunde 15. Urefu huo unatosha sehemu ya kwanza: sentensi mbili hadi nne. Ukizidisha, mtahini atakukatiza aende swali linalofuata, maana ana muda uliopangwa.

Tazama pia jinsi jibu linavyoanza. Swali lililofunguliwa kwa “Did you” hujibiwa “Yes, I did”. “Yes, I had” ni kosa dogo, lakini ndilo neno la kwanza mtahini analosikia kutoka kwako.

Kama hukuwahi kujifunza, usibuni baiskeli. Mtu anayesimulia asichokiishi hukwama swali la pili, anapoulizwa ilikuwa rangi gani au aliinunua nani. Sema ukweli na uufungue vilevile: “No, I've never learned to ride one. We lived on a steep hill and nobody in the family had a bike. I'd still like to try, though.” Jibu hili lina nyakati tatu tofauti, na ndani yake hamna hata neno moja gumu.

Hatua ya 3: Ondoa Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chako

Hapa panahitaji subira, kwa sababu mada ya baiskeli imejaa mitego inayotokana na lugha yetu. Sisi huendesha gari, pikipiki na baiskeli kwa kitenzi kimoja. Kiingereza hakikubali hivyo. “Drive” ni kwa gari, lori au basi. Chombo unachokikalia kwa kukipandia mgongoni, iwe baiskeli, pikipiki au hata farasi, ni “ride”. Na maumbo yake matatu yakae mdomoni bila kufikiri: “ride, rode, ridden”. “I rided” na “I have rode” husikika sana.

Kupanda baiskeli si “climb a bicycle”. Ni “get on”. Kushuka ni “get off”, na kuanguka kutoka juu yake ni “fall off”: “I fell off and cut my knee.”

Sisi hujaza tairi upepo, na ndiyo maana mtu husema “my tyre had no wind”. Upepo wa tairi kwa Kiingereza ni “air”, na kujaza ni “pump up”: “I had to pump up the tyres every morning.” Breki zetu “hukataa”, lakini “the brakes refused” haieleweki. Sema “the brakes didn't work” au “the brakes failed”. Mnyororo ukichomoka, “the chain came off”. Pancha inakusaidia, kwa kuwa neno lenyewe lilitoka huko: “I got a puncture.” Baiskeli iliyoharibika usiiite “spoiled”, neno hilo ni la maziwa na watoto waliodekezwa. Taja kilichoharibika, au sema “it stopped working properly”.

“Kwa baiskeli” ni “by bike”, bila “a” wala “my” katikati. Ukitaka kutaja mwenye baiskeli, badilisha kihusishi: “on my bike”, “on my sister's bike”. “I went by my bike” ni mchanganyiko wa miundo hiyo miwili.

Mengine ni ya sarufi pana zaidi, lakini hujitokeza kila mada hii inapoguswa.

“Nilikuwa nikiendesha kila siku” humvuta mtu aseme “I was riding every day”. Kwa mazoea ya zamani yaliyokwisha, Kiingereza hutumia “I used to ride”. Iache “I was riding” kwa tukio lililokatizwa na jingine: “I was riding home when it started to rain.” Ukiweza kutumia miundo yote miwili mahali pake ndani ya dakika moja, umeonyesha upana wa sarufi bila kujilazimisha.

Kiambishi chetu -me- nacho hufanana kwa mbali na “have” ya Kiingereza, lakini ukitaja wakati uliopita waziwazi, “have” haifai. “I have bought it in 2019” ni kosa; sema “I bought it in 2019”. Kama bado unayo, ongeza: “I've had it since 2019.”

Yeye wetu hana jinsia, kwa hiyo mama aliyekufundisha baiskeli anaanza akiwa “she” na sentensi ya tatu anageuka “he”. Kosa hili haliondoki kwa kusoma kanuni. Huondoka kwa kusimulia kwa sauti habari za mama, kisha za kaka, kisha za wote wawili, mara nyingi, ukijisahihisha palepale.

Halafu kuna “a” na “the”, ambavyo Kiswahili hakina kabisa. Kwa mada hii kanuni moja inakutosha: mara ya kwanza kuitaja ni “a bike”, baada ya hapo ni “the bike” au “it”. “I had bicycle” haipo. Na mwanzo wa “Mimi naona” usigeuke “Me, I think”. “I think” peke yake imekamilika.

Swali likija kwa kukanusha, kwa mfano “So you don't ride to work?”, sisi husema “Ndiyo, siendi nayo”. Kiingereza husema “No, I don't.” Ukijibu “Yes, I don't” mtahini hajui ashike lipi.

Hatua ya 4: Sasa ongeza msamiati, ila ule unaoendana na baiskeli

Msamiati mzuri hapa ni maneno ya kawaida yanayokwenda pamoja. Anza na sehemu za baiskeli, maana ukikosa jina la usukani utabaki ukionyesha kwa mikono: usukani ni “handlebars”, kwa kawaida kwa wingi, kiti ni “saddle”, spoki ni “spokes”, kibebeo cha nyuma ni “rack” au “carrier”, bati la kuzuia matope ni “mudguard”, magurudumu madogo ya kumsaidia mtoto anayejifunza ni “stabilisers” kwa Waingereza na “training wheels” kwa Wamarekani.

Kisha vitendo. Kulinda mizani usianguke ni “keep your balance”. Kuanza kuizoea, ile siku mwili unapokubali, ni “get the hang of it”: “It took me a week to get the hang of it.” Kusukuma baiskeli mlimani ukiwa umeshuka ni “push it up the hill”. Kuteremka bila kuzungusha pedali ni “freewheel down the hill”, neno zuri ambalo watahiniwa wachache hulitumia. Kumpakia mtu nyuma ni “give someone a lift on the back”. Kwenda huku na huko mjini ni “get around”. Kukwama kwenye foleni ni “be stuck in traffic”, na njia ya baiskeli ni “cycle lane” au “bike lane”.

Chagua matano kati ya hayo, si ishirini. Yatumie kwenye habari zako mwenyewe mpaka yazoee.

Kuhusu nahau, tahadhari. “It's like riding a bike” humaanisha ujuzi usiosahaulika hata ukae miaka bila kuutumia, na Waingereza huusemea mambo mengine, kama kuogelea au kupika. Ukiisema juu ya baiskeli yenyewe inasikika kama kichekesho usichokikusudia. “Kill two birds with one stone” nayo imekaririwa mno na watahiniwa. Sentensi ya kwako, “I save the bus fare and I get some exercise,” inasema hayohayo kwa uhai zaidi.

Hatua ya 5: Matamshi

Neno lenyewe la mada ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi “bicycle” inatamkwa “bai-SAI-kol”. Kwa Kiingereza mkazo uko mwanzo na silabi ya katikati ni fupi: “BAI-si-kl”. Linalochanganya ni kwamba “cycle” peke yake, “cyclist” na “motorcycle” zote hubaki na sauti ya “sai”. Ukiona “bicycle” inakusumbua, tumia “bike”. Ndilo neno la mazungumzo ya kila siku. Mkazo huohuo hutuvuruga kwenye “COM-fortable” na “en-VI-ronment”, nayo ni maneno yasiyokosa kwenye mada hii.

Kisha kata irabu za ziada mwishoni. “Bike” iishie kwenye k, isiwe “baiki”. “Parked” ni silabi moja, “paakt”. “Pushed” ni “pusht”. Ni vitenzi vinavyoishia kwa t au d tu, kama “started” na “needed”, ambavyo hupata silabi ya nyongeza ya “id”.

Tofautisha i fupi na i ndefu: “sit” na “seat”, “will” na “wheel”. Jirekodi ukisema “the wheel will turn” na usikilize kama maneno mawili yanatofautiana. Wenye lugha mama zinazochanganya r na l wafanye mazoezi ya “ride in the lane” na “ride in the rain”, kwa sababu hapo maana hubadilika kabisa.

Kuna sauti moja tunayoimudu bila kujua. “Think” huanza kama thamani, na “they” huanza kama dhahabu. Mwenye kutamka thamani sawasawa hana sababu ya kusema “sink”.

Hatua ya 6: Rekodi tena, na usiliue jibu kwa kulirudia

Baada ya marekebisho, funga daftari na ujibu upya bila kusoma. Sikiliza kosa la aina moja tu kila raundi: raundi hii vitenzi vya zamani, inayofuata matamshi. Anayejaribu kurekebisha vyote kwa pamoja huanza kusitasita katikati ya sentensi, na kusitasita huko kunagusa ufasaha. Kupumzika kati ya wazo na wazo ni kawaida hata kwa Waingereza. Tatizo ni kusimama katikati ya kirai ukitafuta neno.

Ukifika mara ya tatu au ya nne, utasikia sauti yako imelainika kupita kiasi, kasi imepanda, na toni imenyooka kama ya anayesoma. Acha. Badilisha swali liwe jirani: badala ya kama ulikuwa na baiskeli, jiulize nani alikufundisha, au kama ungemnunulia mtoto. Habari ni zilezile za baiskeli ya kaka, lakini sentensi inabidi zizaliwe upya, na mtihani unataka hivyo.

Baiskeli ikija kwenye kadi ya sehemu ya pili

Huenda kadi isitaje baiskeli kabisa. Inaweza kudai ujuzi uliojifunza utotoni, kitu unachokimiliki, zoezi unalolipenda, au safari. Habari moja ya baiskeli huingia kote humo ukijua kuigeuza.

Dakika ya maandalizi usiandike sentensi. Andika maneno nane hadi kumi ya kukukumbusha, mfano: “brother's – too big – hill – chain off – neighbour, oily hands – sold – miss it”. Kila neno lizae sentensi mbili au tatu. Wengi huishiwa wakiwa sekunde ya 50 kwa sababu walisema kila jambo kwa sentensi moja. Kaa kwenye tukio: mnyororo ulitoka wapi, jirani alifanya nini, mikono ilikuwaje. Mwishoni geukia sasa: “I haven't ridden for years, but if I had a safe road, I'd buy one tomorrow.” Mtahini akikukatiza dakika 2 zikitimia, hupotezi chochote.

Sehemu ya tatu haikuhusu wewe

Ukiulizwa kwa nini watu wengi hawaendi kazini kwa baiskeli, usirudi kwa kaka yako. Ongelea watu kwa jumla, na tumia lugha isiyofunga mlango: “tend to”, “it depends on”, “most of them”. Toa sababu, mfano, kisha mpaka wa hoja yako:

“I think the main reason is safety. People tend to cycle when they have a lane of their own, as in the Netherlands, but if they have to share the road with lorries, most of them will choose the bus. Distance matters too. Five kilometres is fine, but nobody wants to arrive at work soaked in sweat after fifteen.”

Uholanzi ni mfano salama, kwani ni nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Usitaje asilimia za kubuni. Hazikuongezei kitu, na zikifuatiwa na swali utakwama. Swali lisipoeleweka, uliza kwa utulivu, “Sorry, do you mean cyclists or drivers?”, kisha ujibu ulichoulizwa.